Programu Tatu na Shamba la Koko

Kompyuta yangu haikufa kifo cha kawaida. Iliuawa na flashi. Huku kwetu flashi hupita mkono hadi mkono, kutoka kwa mwalimu kwenda kwa muuguzi, kutoka kwa muuguzi kwenda kwa kwaya, na kila inapochomekwa huacha ugonjwa na kubeba mwingine. Mwisho wake kila faili yangu iligeuka mshale mdogo usioelekea popote. Hata kazi yangu ya kumaliza chuo ikawa mshale. Nilipowaeleza watu, walinipa pole kama mtu aliyefiwa, kisha wakaniomba niwachomekee flashi zao.

Rafiki yangu wa chuo, mtoto wa Walikale, alipita kwetu Masisi akiwa njiani kurudi kwao. Ana diploma ya informatiki, na alikuwa anaenda Omate, kwenye machimbo, kuwachajia wachimbaji simu kwa paneli za jua. Alilala kwetu, akaifuta Windows yangu yote na kuweka Linux, mfumo mwingine wa bure.

“Kaka, leo njo unatoka mu utumwa,” aliniambia, uso wake ukimulikwa na kioo.

“Nani alinifunga?”

“Unaona? Hata haujui kama ulikuwa mufungwa. Ule njo utumwa wenyewe!”

Mimi nilisoma sosiolojia, kwa hiyo nimezoea kusikia watu wakitangaza ukombozi wangu bila kuniuliza. Lakini nilijiuliza swali moja. Ile Windows aliyokuwa anailaani, hakuna mtu niliyemjua kilimani kwetu aliyewahi kuinunua. Sijui utumwa wa aina gani ambao mtumwa ndiye aliyemwibia bwana wake. Nilimwuliza. Akasema mimi ni mgumu wa kuamini, akapanda pikipiki, akaenda zake kwenye machimbo kuwakomboa wengine.

Aliniachia kazi ya kuchagua. Linux, alisema, ni uhuru, na uhuru ni kuchagua.

Nilianza na kivinjari. Nilipanda hadi kwenye mgongo wa kilima, chini ya anteni ya simu, mahali pekee ambapo mtandao unakaa bila kukatika, nikaketi kati ya ng'ombe wa watu nikisoma jinsi wageni wa nchi zenye umeme wanavyogombana. Mmoja aliapa kwamba kivinjari chake kinafungua ukurasa kabla hujafumba jicho. Kwetu ukurasa unafunguka mawingu yakipenda. Mwingine alisema chake kinalinda siri zako. Siri gani? Kila kizuizi cha barabarani wananyang'anya simu yangu na kusoma jumbe zangu kwa sauti, tena wanatoa maoni. Nilichagua kile kinachokubali kuzima picha, kwa sababu picha ndizo zinazokula mega za mtandao. Ndiyo sifa yake pekee, na hakuna hata mgomvi mmoja aliyeitaja.

Kisha barua pepe. Kuzisoma ndani ya kivinjari ni starehe ya mtu ambaye mtandao unamfuata hadi kitandani. Mimi nilitaka programu inayozishusha zote ndani ya mashine, nizisome nyumbani. Niliipata. Ilikuja na kalenda, na mahali pa kupangia mikutano, na kengele. Kila nilipoifungua ilinitangazia kwamba leo siku yangu iko wazi. Nilikuwa ninalijua hilo. Mtu mwenye digrii aliyerudi kilimani kulima viazi hahitaji programu ya kumkumbusha.

Mwisho, programu za ofisi. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuja pamoja na Linux yenyewe. Ya pili niliiongeza kwa sababu walisema inafanana na Word, jina ambalo huku watu huipa programu yoyote ya kuandikia. Ya tatu ilikaa ndani ya kivinjari na kufanya kazi chini ya anteni tu. Zote tatu ziliapa kwa maandishi makubwa kwamba zinafungua faili za Word bila kubadilisha kitu. Sikuziamini, lakini sikuwa na la kuzipimia.

Haya yote yangebaki mchezo wangu kama si shamba la koko.

Koko ni mama yake baba yangu. Shamba lake linaanzia nyuma ya nyumba na kushuka hadi kwenye kijito, na kaburi la babu liko katikati ya maharage. Vita vilipotusukuma hadi Sake, na baadaye mbali zaidi, watu wenye bunduki walikaa kwenye kilima chetu. Walikata miyenzi yote, ile miti ya maziwa tunayopanda kuwa mpaka, wakazungushia vibanda vyao. Jirani yetu alirudi kabla yetu. Alipoona hakuna mpaka, akalima. Akaendelea kulima. Tulipofika, majembe yake yalikuwa yamesimama hatua chache kutoka kaburini.

Koko hana shamba lingine. Angepoteza lile, angebaki na uwanja wa kuanikia nguo, na angelazimika kuomba ruhusa kwa jirani kila akitaka kupalilia kaburi la mumewe.

Vishina vya miyenzi vilikuwa bado vipo. Vilikuwa vimeanza hata kuchipua, mstari wa vitawi vya kijani kutoka juu hadi kijitoni, mtoto angeuona. Niliwaonyesha kwa kidole wajumbe wa kamati ya upatanisho, wanaoamua ugomvi wa mashamba kilimani kwetu. Prezida wa kamati, mzee mmoja anayevaa koti hata jua likiwaka, alikataa kugeuza kichwa. Watu fulani wa mradi walikuwa wamekuja kuwapa semina, na tangu hapo kamati haisikii mdomo wala haitazami ardhi. Inataka kroki, mchoro wa shamba na mipaka yake. Tena kroki iliyotoka kwenye mashine.

“Ya mukono, mutu anaweza kuibadilisha,” prezida alituambia. “Ya mashine haibadilikaka.”

Babu, kabla hajafa, alikuwa ameshachorewa kroki kule Sake, kwenye sekretaria, moja ya vile vibanda vya kuchapisha na kufotokopi. Karatasi ilibaki nyumbani tulipokimbia. Lakini siku ile babu alimwambia mwenye sekretaria atume nakala kwangu kwa barua pepe, kwa kuwa mimi nilikuwa chuoni na aliamini kwamba mtu aliye chuoni hapotezi vitu. Kwa hiyo familia yote ikanigeukia. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye anayesemea familia. Alinitazama kama mtu anayetazama benki.

“Masomo yako yote ile,” alisema, “leo njo itatusaidia. Mara ya kwanza.”

Nilipanda chini ya anteni nikafungua ile programu yangu ya barua. Nilidhani nitachukua barua moja. Yenyewe, kwa bidii ya mjinga, ilianza kushusha kila kitu tangu siku nilipofungua anwani: matangazo ya masomo ya nje ambayo tarehe zake zilishapita, salamu za wajane wa majenerali wanaotafuta mrithi, mialiko ya semina. Mega zilikwisha nikiwa bado kwenye mwaka wangu wa kwanza wa chuo. Nikashuka kununua nyingine, nikapanda tena. Hatimaye kroki ikafika, nyuma ya mjane wa mwisho.

Nikaifungua nyumbani, baba mkubwa ameinama begani mwangu na koko ameketi mlangoni akichambua maharage.

Programu ya kwanza ilituonyesha kilima chetu kimeteguka. Fundi wa Sake alikuwa amechora kila kitu kwa vimistari na visanduku vya Word na kusukuma majina kwa kibonye cha nafasi, na sasa kila kimoja kilikuwa kimeteleza upande wake. Kijito kilipita ndani ya nyumba yetu. Mpaka ulikuwa umepanda hadi mlangoni. Jiko la koko lilikuwa la jirani.

“Nini ile?” baba mkubwa aliuliza.

“Ni kroki.”

“Kroki ya nani? Ule jirani alikutuma?”

Nikafungua ile ya pili, iliyosifiwa kwamba inafanana na Word. Huko mpaka ulikuwa umekimbilia upande wa pili. Tulikuwa tumepata shamba letu, kijito, na zizi la jirani pamoja na mlango wake wa nyuma.

Baba mkubwa akavuta kiti.

“Hii,” alisema polepole, “hii njo ya kweli.”

“Baba mukubwa, hata wewe unajua zizi haiko yetu.”

“Mimi sijui kitu. Mashine njo inajua. Prezida hakusema ya mashine haibadilikaka? Basi.”

“Dakika moja imepita ilikuwa inasema jiko ni ya kwake.”

“Ile ilikuwa mashine ingine.”

“Ni mashine moja!”

“Alafu juu ya nini inasema mambo mbili?”

Siku iliyofuata nilibeba faili hadi chini ya anteni, nikaifungua kwa ile ya tatu inayokaa ndani ya kivinjari. Hiyo ilikuwa na adabu kuliko zote: haikumpa mtu shamba la mtu. Iliondoa kijito. Palipokuwa na maji palibaki weupe, na nyumba mbili zikielea kama zimesahauliwa na aliyezichora.

Nilimtumia rafiki yangu ujumbe wa sauti kule Omate. Alijibu jioni, nyuma yake jenereta ikinguruma.

“Kaka, kosa haiko ya programu. Kosa ni ya ile faili. Ile faili ni gereza! Ambia kamati yote iingie mu Linux, mutaona.”

Nilimfikiria prezida ndani ya koti lake akiingia mu Linux. Nikazima simu. Huyo rafiki ndiye aliyenipa uhuru: ukimletea kilima kilichovunjika, anakwambia ulikiweka kwenye mfuko mbaya.

Koko aliniuliza swali moja tu, bila kuinua macho kwenye maharage.

“Sasa, mujukulu wangu, mimi ni wa upande gani?”

Nilimwambia nitaenda Sake, kwa yule aliyeichora. Kama kuna mashine moja duniani inayoweza kukionyesha kile kilima kama babu alivyokitaka, ni ile iliyokizaa. Nilisema hivyo na roho ikinichoma, maana ilikuwa ni kurudi kupiga magoti mbele ya Windows. Baba mkubwa alikuja nami kwa pikipiki ya pili. Mfukoni alikuwa na flashi. Alikuwa amenilazimisha nimwekee ndani kroki ya programu ya pili, ile yenye zizi, “kama ya akiba.”

Sekretaria ilikuwa imefunguliwa tena karibu na njia panda ya Sake, turubali mpya juu ya mbao za zamani. Mwenyewe alikuwa yule yule aliyemchorea babu, baba wa makamo mwenye kalamu sikioni ingawa sikumwona akiitumia. Nilimweleza. Akacheka.

“Linukisi? Aa, kijana. Vile bilisumbua batu mingi. Leta.”

Faili ikafunguka kwenye mashine yake, na kila kitu kikakaa mahali pake. Nyumba juu, nyumba nyingine pembeni, kijito chini, mpaka ukishuka katikati umenyooka. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana. Kisha nikaangalia.

“Papa, kwetu kijito inapinda. Hapa juu ya nini iko sawasawa?”

“Kupinda ni kazi mingi.”

“Na miti yetu ya matunda, yenye ilikuwa pale hata mbele ya vita? Na muavoka?”

“Hii njo modeli yangu,” alisema, kama mwalimu anayesema hii ndiyo hesabu. “Ninabadilishaka majina.”

Alisogeza kioo nione. Folda nzima. Alifungua moja, akafungua nyingine. Nyumba juu, nyumba pembeni, kijito chini, mpaka katikati. Watu wa upande wa Minova, watu wa barabara ya Masisi, na hata mfanyabiashara mmoja wa Hombo ambako ni msitu mtupu na nilijua kwa macho yangu kwamba hakuna kilima cha namna ile. Wote walikuwa wanaishi kwenye kilima kimoja. Kilikuwa kilima cha mwenye sekretaria, kule alikozaliwa.

“Na babu alikubali?”

“Alikaa pale pale penye umesimama, akakunywa chai. Aliniambia kwake kijito iko chini. Nikamuambia hata kwetu iko chini. Akafurahi.”

Nilikuwa nimehangaika na vivinjari, na mega, na wajane wa majenerali, na programu tatu, nikitafuta ni ipi inayosema kweli. Zote zilikuwa zinategua kitu ambacho hakijawahi kuwa kwetu. Sikumchukia hata babu. Nilimdharau kidogo, kama ninavyojidharau mimi mwenyewe ninapoweka sahihi kwenye kitu kwa sababu tu kimechapishwa vizuri.

“Papa, jirani yetu naye alipita hapa?” Nikataja ukoo.

“Ule? Nilimufanyia juzi juzi. Alikuwa na haraka, hata hakuangalia.”

Baba mkubwa alikuwa ameshatoa flashi. “Basi achana na hiyo. Chapa hii ya kwetu.”

“Apana.”

“Namna gani, apana?”

“Tukienda na ile ya zizi, kroki mbili zitakatalana. Kamati itasema kesi irudi, na itarudi tena, na ule mutu ataendelea kulima. Koko atalima wapi hii musimu?” Nikamgeukia mwenye sekretaria. “Papa, chapa modeli. Badilisha jina tu, andika ya koko.”

“Unatupa zizi ya bure!” baba mkubwa alilia, hadi watu wa barabarani wakageuka. “Masomo! Hii njo masomo!”

Njia nzima ya kurudi pikipiki yake ilitangulia makusudi ili vumbi lije kwangu.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha darasa. Jirani aliweka kroki yake mezani kwa mkono wa mtu anayeweka turufu. Mimi nikaweka ya kwetu. Prezida alizitazama moja moja, akakunja uso, kisha akafanya jambo la maana la kwanza nililowahi kumwona akifanya: akaziweka moja juu ya nyingine na kuzielekeza dirishani, kwenye mwanga.

Zilikuwa mchoro mmoja.

“Mm,” alisema. Akazigeuza. “Mm! Papa, hii ni kroki yako?”

“Ni yangu,” jirani alijibu.

“Uliileta wewe mwenyewe? Hakuna mwenye alikulazimisha?”

“Mimi mwenyewe.”

“Na hii ya Mama, koko ya huyu kijana. Angalia muzuri. Unaona tofauti?”

Jirani aliangalia. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuiangalia. Kidole chake kilifuata mpaka, kikashuka hadi kijitoni, kikarudi juu. Hapakuwa na mahali palipompa hata kiganja cha shamba letu.

“Majina tu,” alisema kwa sauti ndogo.

“Sasa munagombana nini? Munakubaliana mu karatasi, munasumbua kamati bure!” Prezida alisimama na kufunga kifungo cha koti. “Mustari inashuka katikati ya manyumba mbili mupaka ku kijito. Twende kilimani tuone kama kuko kitu inafanana nayo.”

Tukaenda. Kamati nzima ikapanda na karatasi zake mkononi. Na pale, katikati ya nyumba mbili, prezida akasimama, akainama, akapiga kelele.

“Vishina! Vishina vya miyenzi! Mupaka ku kijito! Munaona? Kroki ilisema kweli!”

Wajumbe wakampongeza. Mmoja alipiga makofi. Nilimtazama baba mkubwa, naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Sake tulikuwa na wazo moja, ingawa lake lilikuwa na zizi ndani. Prezida aliamuru mpaka upandwe upya juu ya vishina, kila upande ulete vijiti, na jirani asitishe jembe lake. Kisha wakashuka, wameridhika na mashine.

Koko aliniomba karatasi. Aliigeuza huku na huku, akaisogeza mbali na macho.

“Kaburi ya babu yako iko wapi hapa?”

“Haiko, koko.”

“Na muavoka?”

“Haiko.”

“Alafu hii ni kwa nani?”

“Ni kwa kila mutu.”

Aliikunja hata hivyo, akaiweka chini ya godoro lake, akaja na panga.

Tulipanda miyenzi kabla mvua haijaanza. Jirani alileta mzigo wake wa vijiti kama alivyoamriwa, akafanya kazi karibu nami. Utomvu mweupe ulikuwa unamtiririka hadi viwikoni. Baada ya muda akasogea.

“Kijana. Ile mashine yako inafanyaka kroki?”

“Inafanya, Papa.”

“Unaweza kunifanyia ingine? Yenye mustari inapanda kidogo?”

“Niko na programu tatu,” nilimwambia. “Ya kwanza inakupa mupaka ku jiko ya koko. Ya pili inatupa sisi zizi yako. Ya tatu inaondoa kijito. Chagua.”

Nilidhani atacheka, au atatukana. Alisimama na kijiti mkononi, akafikiria kweli.

“Ile ya kwanza,” alisema.

“Panda miti, Papa,” koko alisema kutoka chini kwenye maharage, bila kugeuka. “Na ufunge macho. Maziwa yake inapofusha.”